Amina Tatu kwa Mlezi Mkuu

Jina la nchi yetu silitaji. Sheria inasema anayelitaja asimame wima dakika moja, na anayelisikia asimame naye, na magoti yangu hayana hali. Inatosha mjue kwamba ni nchi ya Kikristo kwa azimio la Bunge, kwamba mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, na kwamba maskini tunao wa kutosha mwaka mzima.

Mimi ni Bi Yunia. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa Msajili wa Shuhuda katika Wizara ya Malezi ya Kiroho ya Vijana Maskini. Haya ninayowasimulia ni ushuhuda wangu, kwa hiyo nikitulia kidogo semeni Amina kama mlivyozoea. Msinikatize kwa maswali. Sipendi kukatizwa, na kisheria hamruhusiwi.

Wizara yetu ilizaliwa siku Rais alipopita mjini akaona vijana wamekaa kwenye vibaraza bila kazi. Aliumia sana. Akauliza, "Hawa wanakosa nini?" Wasaidizi wake wangeweza kusema kazi, au shule, au chakula, lakini walikuwa watu wenye uzoefu, wakasema wanakosa mlezi. Wiki hiyohiyo kila kijana maskini akapangiwa Mlezi: Mkristo mtu mzima, mwenye gari, wa kukutana naye kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kumsomea Neno, kumwombea na kumshauri. Ushauri uliandikwa na Wizara ili walezi wasipishane kauli. Ulikuwa neno moja tu, subira.

Nisiwe mwongo, mwanzoni walikuwepo walezi wa kweli. Fundi cherehani mmoja aliwafundisha vijana wake kumi na wawili kushona huku akisali nao. Baada ya miaka miwili wote walikuwa na vyerehani vyao, na yeye Jumamosi akawa anakaa ukumbini peke yake na Biblia yake. Wizara ikamwita ajieleze vijana wake wako wapi. Akasema wako kazini. Akaachishwa kwa kosa la kupoteza vijana, akatakiwa aombe radhi redioni. Aliomba radhi huku anacheka, mtu wa ajabu sana.

Baada ya hapo Wizara ikaona kuna haja ya kanuni, na kanuni zikaandikwa na Elifazi Mbwilo.

Elifazi Mbwilo alikuwa na sauti nene, mikono laini, na Biblia kubwa ya ngozi yenye zipu. Zipu hiyo kwa miaka mingi sikuwahi kuiona imefunguliwa. Aliibeba kwapani popote alipokwenda, na akiketi aliiweka mezani mbele yake na kuipigapiga kwa kiganja, na watu wakatulia wenyewe. Aliandika Kanuni za Malezi kwa siku saba. Alisema angemaliza kwa sita, ila hakutaka kujifananisha.

Kanuni zilifikiria kila kitu. Uji wa Jumamosi ulikuwa bila sukari, kwa kuwa sukari huamsha kiburi. Mabenchi hayakuwa na egemeo, ili kijana asizoee kuegemea. Kila kijana alivaa shati la ushuhuda la njano lililochanika bega la kushoto. Yalikuja mazima kutoka kiwandani, ndipo Wizara ikaajiri fundi wa kuyachana, mwenye futi ya kupimia, ili wote wachanike sawa. Kila wiki kijana alimwandikia Mlezi wake barua ya shukrani inayoanza na maneno "Mimi nisiyestahili". Alipigwa picha mbili, ya kabla akiwa amenuna na ya baada akiwa anatabasamu, zote asubuhi moja.

Kifungu cha tatu kilieleza kijana ni nani: ni mtu yeyote ambaye hajaiva, bila kujali umri, na aliyeiva ni yule aliyepewa Cheti cha Kuiva na Mlezi wake, au aliyethibitishwa kuiva kwa ushuhuda. Kwa hiyo tulikuwa na kijana wa miaka hamsini na mitatu ambaye wajukuu zake wawili walikuwa benchi moja naye. Kifungu cha nne kilieleza maskini ni nani: ni yule ambaye ushuhuda umesema ni maskini. Kifungu cha kumi na mbili kilisema anayemtambua maskini ndiye atakayemlea. Mimi nilizipenda kanuni hizo. Mtu ukizishika unajua uweke wapi mguu wako, na hakuna wa kukulaumu.

Sasa vifungu viwili muhimu kuliko vyote, cha saba na cha nane. Vilikuja kwa sababu gazeti moja lilikuwa na kiherehere. Elifazi alikuwa ameshuhudia kwamba alivuka mto uliofurika akiwa amembeba mgongoni kijana kiwete. Gazeti likaandika kwamba wilaya hiyo haina mto. Elifazi akahuzunika siku tatu, siku ya nne akaandika kifungu cha saba: ushuhuda haukatizwi na mtu yeyote wa cheo chochote, na kipaza sauti hakiondolewi mkononi mwa anayeshuhudia mpaka mwenyewe aseme "Bwana asifiwe". Na cha nane: jambo lolote likishuhudiwa na umati ukalijibu Amina mara tatu, Msajili atagonga muhuri, na kuanzia hapo ni kweli ya serikali. Akashuhudia tena habari ya mto. Tukasema Amina tatu. Nikagonga muhuri, na wizara ya maji ikauchora mto kwenye ramani.

Baada ya mto, wakubwa wote wakaja kushuhudia. Waziri wetu alishuhudia kwamba alimfufua ng'ombe wa mjane. Amina, Amina, Amina, paa. Niliwagongea shuhuda elfu sita na ushee, na jambo moja nililigundua nikaliweka moyoni. Watu wetu hawasemi Amina kwa sababu ya maneno. Wanasema kwa sababu ya sauti. Mwenye kushuhudia akipandisha sauti, akaishusha, akatulia, Amina inatoka yenyewe, hata kama mtu anafikiria chakula cha mchana.

Basi, Kezia.

Elifazi, wakati huo akiwa mlezi wa kawaida tu, alimkuta sokoni akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa anaokota vumbi la mkaa chini ya magunia ili alikande na udongo, apate moto wa kupikia uji wa bibi yake. Elifazi akamtambua kuwa ni maskini, kwa hiyo akawa wake. Jumamosi ya kwanza akamsimamisha mbele ya wageni kutoka ng'ambo, na mtoto akaeleza habari za mkaa na bibi kwa sauti ndogo isiyotetemeka, mkalimani akawafasiria. Mgeni mmoja akazirai. Wengine wawili wakaahidi mablanketi. Tangu siku hiyo ushuhuda wa Kezia ulizungushwa nchi nzima, na Elifazi akapanda kutoka Mlezi hadi Mlezi Mwandamizi, akapewa gari, dereva, na mwishowe cheo cha Mlezi Mkuu wa Taifa.

Kezia alishuhudia mara mia mbili na kumi na moja. Alifika miaka ishirini, lakini mbele ya wageni alitakiwa awe bado na kumi na mitatu. Alisukwa nywele za kitoto, akafundishwa kupinda magoti kidogo ndani ya sketi ili aonekane mfupi. Hakulalamika. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, na alikitaka tangu mwanzo: kuwa mkunga. Bibi yake alizalisha mtaa mzima kwa mikono mitupu na wembe uliochemshwa kwenye sufuria. Kezia alitaka kazi hiyohiyo, ila akiwa na glavu.

Alisoma kwa taa ya jirani, akafanya mtihani wa Chuo cha Ukunga, akafaulu. Kwenye mpango wetu barua ya kijana hufika kwanza kwa Msajili. Msajili anaifungua, anaisoma, anaiandika daftarini, kisha anamkabidhi Mlezi, ambaye atampa kijana kwa wakati unaofaa. Barua ilisema Kezia amechaguliwa. Nikaiandika, nikaipeleka.

Jumamosi Mlezi Mkuu akamwita mbele ya meza yangu. "Binti yangu," akamwambia, "chuo kimekataa. Bado hujaiva. Bwana anakuivisha polepole." Kezia akasema, "Amina, Baba Mlezi." Nilikuwa palepale, nachovya muhuri kwenye wino.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya pili: bado tunakuhifadhia nafasi. Nikaiandika, nikaipeleka, na Kezia akaambiwa chuo kimekataa tena. Akafunga kula siku saba kumwomba Mungu amwonyeshe kosa lake. Msinitazame hivyo. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Mwaka wa tatu barua ilikuwa fupi. Ilisema hii ni mara ya mwisho. Aripoti chuoni Jumatatu ya tarehe tisa kabla ya saa sita mchana, akiwa na Cheti cha Kuiva au uthibitisho mwingine wa Wizara, la sivyo nafasi anapewa mtu mwingine na jina lake linafutwa moja kwa moja. Tuliipata Alhamisi ya tarehe tano. Nikaiandika, nikaipeleka. Nikaona kwa macho yangu zipu ya ile Biblia ikifunguliwa kidogo, barua ikaingia, zipu ikafungwa.

Ijumaa Kezia alikuja kufanya usafi, maana kesho yake ilikuwa Siku Kuu ya Ushuhuda. Nikamwomba aingie ofisini kwa Mlezi Mkuu aipanguse Biblia vumbi. "Ndani na nje," nikamwambia. Akauliza, "Na ndani pia, mama?" Wakati huo alikuwa bado ananiita mama. Nikasema ndani hasa.

Alitoka na barua tatu mkononi. Hakulia mara moja. Alizipanga juu ya meza yangu kwa mwaka, akaangalia muhuri wa mapokezi ulio kwenye kila moja, muhuri wangu.

"Nimefunga siku saba," akasema. "Nimeomba nionyeshwe kosa langu. Kumbe jibu lilikuwa mezani kwake."

"Mlezi Mkuu ana sababu zake," nikasema.

"Kila Jumamosi nimemwandikia barua ya kumshukuru." Akazikusanya. "Hizo zilifika zote?"

Nikasema hizo zilifika zote.

Akaenda kwa Mlezi Mkuu, na mlango haukufungwa, kwa hiyo nilisikia bila kusikiliza. Elifazi alikuwa anakula sambusa.

"Nani kakuruhusu kufungua Biblia yangu?" akauliza.

"Barua zangu zilikuwa ndani, Baba Mlezi."

"Zilikuwa zinaombewa. Barua ikikaa ndani ya Neno inapata nguvu. Hilo hulijui kwa kuwa hujaiva."

"Naomba cheti. Jumatatu natakiwa niwe chuoni."

Nikamsikia akijifuta vidole. "Kezia. Kesho Waziri anakuja, wageni wa ng'ambo wanakuja. Ukiondoka wewe nani atawaliza? Nimemjaribu yule kijana wa miaka hamsini na mitatu, wageni wakamwuliza anatumia dawa gani ya mgongo. Una maelfu ya wenzako wanaotegemea umaskini wako. Leo unataka kuutupa kwa ajili ya nini, glavu?"

"Nataka kuwa mkunga."

"Utakuwa. Kwa wakati wa Bwana."

"Bwana ameshaandika mara tatu."

Kisha zipu ikalia, ikafunguka na kufungwa, na nikajua barua zimerudi mle ndani. "Bado hujaiva," akasema Mlezi Mkuu. "Kesho uvae lile shati lililochanika vizuri."

Alirudi mezani kwangu, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira, meno yameuma shingo ya shati. Mimi mtu akilia sijui nimfanyeje. Kwa hiyo nikampa kitu cha kusoma. Kilichokuwa karibu ni kitabu cha Kanuni za Malezi, nacho kwa bahati kilikuwa wazi kwenye kifungu cha saba na cha nane. Akasoma. Akaacha kulia. Akarudi nyuma akasoma cha tatu na cha nne, akaruka mbele akasoma cha kumi na mbili, akarudia.

"Hiki kinamhusu mtu yeyote?" akaniuliza.

"Kanuni hazina upendeleo," nikasema, na nilisema kwa fahari.

Siku Kuu ikafika. Ukumbi ulijaa saa nne asubuhi. Mbele walikaa wageni wa ng'ambo, ambao lugha yetu hawaijui lakini Amina wanaijua, na ushuhuda wa kila mwaka wamepewa umetafsiriwa kwenye karatasi. Kando yao Waziri, anapitia hotuba yake kwa kalamu. Mimi nilikuwa na meza yangu chini ya jukwaa, daftari kulia, muhuri kushoto. Mlezi Mkuu akapanda na Biblia kwapani.

"Waheshimiwa," akasema, "wageni wetu wapendwa, na ninyi maskini mliokaa nyuma. Nchi nyingine zimejaribu kuumaliza umaskini. Zimefaulu, na leo makanisa yao ni matupu. Sisi tumechagua njia nyembamba. Tumeamua kuulea." Makofi. "Nawaletea binti yangu wa kiroho, Kezia, wa miaka kumi na mitatu."

Kezia akapokea kipaza sauti, amepinda magoti kama kawaida. Mlezi Mkuu akasimama pembeni yake, akafumba macho, akainua mkono mmoja, tayari kuongoza Amina. Ushuhuda huo alikuwa ameusikia mara mia mbili na kumi na moja, na nadhani mara ya mwisho aliyosikiliza ilikuwa ya tano.

"Nilikuwa naokota vumbi la mkaa chini ya magunia," akasema Kezia, sauti ikapanda, ikashuka, ikatulia.

"Amina," ukumbi ukajibu.

"Nikilikanda kwa udongo, nikimpikia bibi yangu uji."

"Amina."

"Ndipo Mlezi wangu akaja akaniona."

"Amina." Nikagonga muhuri, paa. Hilo ni jambo la kwanza.

Sauti ilikuwa ileile. Ndiyo maana nasema yule binti ana kipaji. Hakuongeza hasira hata kidogo, alipandisha palepale na kushusha palepale.

"Chuo cha Ukunga kikaniita mara tatu."

"Amina."

"Mlezi wangu Elifazi Mbwilo akazificha barua ndani ya Biblia yake."

"Amina." Sauti ya Mlezi Mkuu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

"Akanidanganya kwamba nimekataliwa, akaendelea kunichana shati."

"Amina." Paa.

Nyuma ukumbini, kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, vichwa vikaanza kuinuka. Vijana walikuwa wamesikia. Lakini hawakupiga kelele. Yule wa miaka hamsini na mitatu alijikohoza, akakaa vizuri.

"Mimi Kezia nimeiva," akasema.

"Amina." Safari hii ya nyuma ilizidi ya mbele.

"Niliiva tangu barua ya kwanza." Amina. "Nina miaka ishirini na magoti yangu yamechoka kupinda." Akasimama wima, akawa mrefu kuliko Mlezi Mkuu. Amina hiyo ilitikisa madirisha. Waziri akatabasamu bila kuinua macho, akageuza ukurasa. Paa.

"Elifazi Mbwilo ni maskini," akaendelea taratibu. "Hana rafiki wa kumwambia ukweli." Amina. "Hana huruma, hana haya." Amina. "Ameibeba Biblia miaka yote hiyo na hajui kilichomo isipokuwa barua zangu." Amina. Paa.

"Naye hajaiva." Amina. "Anahitaji kulelewa." Amina. "Mimi nimemtambua, na mimi nitamlea." Amina, na Elifazi akaongeza haleluya kwa hiari yake. Paa.

Nasema wazi, nilifurahi. Miaka kumi na tisa nimegonga muhuri juu ya mito na ng'ombe, na siku hiyo mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilikuwa naandika haraka, kichwa kimeinama, na mtu akiandika anafuata sauti kama wengine.

"Na Bi Yunia, Msajili, alizisoma barua zote kwa macho yake."

"Amina."

"Alisimama pale nikidanganywa, akachovya muhuri kwenye wino."

"Amina."

"Naye ni maskini, hajaiva, nitamlea pia."

"Amina," tukasema. Paa.

Nikautazama muhuri. Wino wake ulikuwa bado mbichi juu ya jina langu.

"Bwana asifiwe," akasema Kezia, akaweka kipaza sauti chini.

Mlezi Mkuu akafumbua macho akiwa anatabasamu. Mbele yake alisimama yule fundi wa mashati, anamzungushia futi begani.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakupima, kijana," akasema fundi.

Alipoelewa, alipiga kelele nyingi. Alidai ushuhuda ufutwe. Alisema umati haukusikiliza, ulijibu tu kwa mazoea. Ndipo Waziri akainua macho kutoka kwenye hotuba yake, akaniomba daftari, akasoma, akarudia kusoma. Akamvuta Elifazi pembeni, lakini kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa, sote tukasikia.

"Ukisema umati hausikilizi," akamwambia, "ng'ombe wangu niliyemfufua atakuwaje?"

Waziri akarudi katikati ya jukwaa, akatangaza kwamba Wizara inajivunia kanuni zake na inampongeza kijana Elifazi kwa kujiunga.

Jumatatu ya tarehe tisa, saa tatu asubuhi, Kezia alikuwa chuoni na nakala ya daftari yenye mihuri kumi na tano juu ya jina lake, kwa maana niliurudia muhuri kila ukurasa, angalau hilo nililifanya vizuri. Walimpa kitanda, sare nyeupe na jozi mbili za glavu. Biblia ya zipu alikwenda nayo, kwa kuwa kanuni zinasema mali ya kijana itatunzwa na Mlezi wake isije ikampa kiburi. Gari lilichukuliwa kwa kifungu hichohicho. Kezia aliligawa kwa wodi ya wazazi, na dereva wake.

Sisi tulibaki. Elifazi alipigwa picha ya kabla bila shida. Ya baada ilichukua asubuhi nzima, mpiga picha anamwambia tabasamu kijana, tabasamu, umeokolewa. Uji alidai sukari. Yule wa miaka hamsini na mitatu, ambaye sasa ana Cheti cha Kuiva na ndiye mgawaji wa uji, alimsomea kanuni ya kiburi polepole mpaka mwisho, kisha akaisoma tena kwa ajili ya waliokuwa mwisho wa foleni. Kwenye benchi Elifazi anakaa kushoto kwangu. Anatafuta egemeo kwa mgongo, anakosa, anashtuka, na mimi kila akishtuka napata faraja fulani. Barua zake za shukrani zinarudishwa akikosea yale maneno ya mwanzo.

Mwaka ukapita. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Kezia hutoka chuoni kuja kutulea. Hana maneno mengi. Hutusomea sura moja ya Neno, ambayo Elifazi huisikia kama mgeni, hutuombea kwa ufupi, halafu hutushauri subira.

Mwezi uliopita alikuja na bahasha mbili. Kamati ya Rufaa, ambayo mimi na Elifazi tuliiandikia tuachiwe, ilikuwa imekaa. Msajili mpya alikuwa ameshanidokeza, maana nilimfundisha kazi mimi: zote mbili zinasema tunaweza kuachiwa siku hiyohiyo, Mlezi akisaini tu. Elifazi alisimama, akakaa, akasimama tena. Mimi nilikuwa mtulivu. Nilijua nina kitu ambacho yeye hana.

"Kuna barua yoyote, Mama Mlezi?" Elifazi akauliza.

"Kamati imekataa," akasema Kezia, akimtazama usoni. Bahasha zilikuwa mkononi mwake, tunaziona wote watatu.

Hapo nikainama mbele, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kezia, mwanangu. Usisahau nani alikutuma uipanguse Biblia. Ndani na nje, nilisema. Na kitabu cha kanuni, unadhani kilijifungua chenyewe?"

Akanitazama. Alikuwa na alama za glavu kwenye vifundo vya mikono. Niliambiwa baadaye kwamba asubuhi hiyo alikuwa amezalisha mapacha.

"Sijasahau, Bi Yunia," akasema. "Hiyo ilikuwa barua ya tatu. Ya kwanza ilipoingia mle ndani, hapakuwa na vumbi?"

Nilitafuta kifungu cha kumjibu. Nazijua kanuni zote kwa kichwa, na sikukipata.

Akafungua zipu ya Biblia, akaziweka bahasha zetu mbili mle ndani, akaifunga.

"Bado hamjaiva," akasema, sauti ikapanda, ikashuka, ikatulia.

Elifazi akasema Amina. Na mimi nikasema Amina.